Luxturna: dawa ya jeni moja tu

Luxturna ni tiba ya upofu wa kurithi: kirusi kisicho na madhara hubeba jeni nzima na kuipeleka ndani ya jicho. Dozi yake ni mililita 0.3 kwa kila jicho, mara moja tu. Ilipoanza kuuzwa Marekani, bei iliyotangazwa ilikuwa dola 425,000 kwa jicho. Kwa bei hiyo, kabla ya kuuliza kama inafanya kazi, uliza kama inakuhusu.

Inamhusu mtu ambaye nakala zake zote mbili za jeni ya RPE65, ya baba na ya mama, zina hitilafu. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachorudisha vitamini A katika umbo ambalo retina, utando wa nyuma ya jicho, hulitumia kunasa mwanga. Kisipokuwepo, mtoto haoni gizani, kisha upeo wa macho yake unabana, na hatimaye seli zenyewe zinakufa. Dawa haifufui seli zilizokufa, ndiyo maana retina hupigwa picha ya matabaka kwanza kuona kilichobaki.

Kipimo cha jeni ndicho kinachowakwamisha wengi. Cheti kinachosema "retinaitisi pigmentosa", yaani retina inayokufa polepole, hakitoshi, kwa sababu ugonjwa huo unaletwa na jeni nyingi. Hata hitilafu mbili za RPE65 zikionekana, huenda zote ziko kwenye nakala moja na nyingine ni nzima. Wazazi nao wapimwe ili ijulikane. Wenye Stargardt, ugonjwa mwingine wa kurithi wa retina, wasiifuate: jeni yao, ABCA4, ni kubwa mno kuingia kwenye kirusi kinachobeba dawa hii.

Kazi yenyewe ni ya mpasuaji wa retina. Dawa hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 65 chini ya sifuri au kali zaidi, na ikishachanganywa itumike ndani ya saa 4. Ute wa ndani ya jicho hutolewa, kisha dawa huingizwa chini ya retina kwa sindano nyembamba sana. Prednisoni, dawa ya kutuliza uvimbe, huanza siku 3 kabla, miligramu 1 kwa kilo lakini isizidi 40 kwa siku, kwa siku 7, halafu inapunguzwa polepole. Jicho la pili husubiri angalau siku 6. Ndege ni marufuku mpaka kiputo cha hewa kinachobaki baada ya upasuaji kiishe jichoni, maana hewa hiyo hutanuka angani na kupandisha presha ya jicho.

Matokeo? Katika jaribio kubwa la watu 31, wagonjwa walipitishwa kwenye njia yenye vizuizi huku mwanga ukipunguzwa. Baada ya mwaka, waliotibiwa walipanda kwa wastani wa ngazi 1.8 za mwanga, wasiotibiwa 0.2. Hayo ni mabadiliko ya kweli kwa mtu aliyekuwa akishikwa mkono jua likizama. Lakini usomaji wa herufi kwenye chati haukuboreka kwa kiwango cha kutegemewa, na anayemwahidi mgonjwa miwani itaachwa anamdanganya.

Madhara yapo: mtoto wa jicho, presha ya jicho kupanda, retina kuchanika au kutoboka katikati. Baadhi ya waliotibiwa wamepata pia mabaka ya retina iliyosinyaa miezi au miaka baadaye, kwa hiyo kliniki ya kila mwaka isikatwe hata kama mgonjwa anaona vizuri.