Kukodi gari la kuingia K'gari: huduma inayoanza na karatasi ya maji

Kampuni ya kukodisha magari ya Hervey Bay, mji wa pwani wa Queensland nchini Australia, ambayo huduma yake ninaitathmini hapa haina magari mapya kuliko wenzake, na bei yake si ya chini. Inastahili kusifiwa kwa sababu ya karatasi moja ambayo mteja hukabidhiwa kabla ya kupewa ufunguo, yenye saa za maji kupwa na kujaa kwa kila siku ya safari pamoja na saa ambayo gari linapaswa kuwa limekwisha kutoka ufuoni. Nimepima huduma nzima kwa karatasi hiyo, kwa sababu K'gari si mahali ambapo gari zuri peke yake linamtosha dereva.

K'gari, kisiwa kilichokuwa kikijulikana kama Fraser Island hadi jina lake la asili la watu wa Butchulla liliporudishwa rasmi mwaka 2023, ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani kilichofanyika kwa mchanga. Kina urefu wa zaidi ya kilomita 120 na kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1992. Hakuna daraja la kukiunganisha na bara la Queensland; magari huvushwa kwa pantoni, ama kutoka Inskip Point upande wa kusini, ama kutoka River Heads karibu na Hervey Bay. Barabara kuu ya kisiwa ni ufuo wenyewe wa mashariki, unaoitwa 75 Mile Beach, na kisheria ni barabara kamili: kuna kikomo cha mwendo cha kilomita 80 kwa saa, kuna alama za kupunguza mwendo, polisi hupima kasi, na ndege ndogo hutua juu ya mchanga huohuo na dereva ana wajibu wa kuzipisha. Tofauti yake na barabara nyingine ni kwamba barabara hii hufunikwa na bahari mara mbili kila siku.

Maelezo ya awali hutolewa ofisini, nayo ni marefu. Mfanyakazi aliyetuhudumia hakuanza na gari. Alianza na karatasi, akaiweka mezani, akamtaka kila atakayeshika usukani aisome kwa sauti. Katika mfano aliotumia, maji yalikuwa yanakupwa kabisa saa 4:40 asubuhi. Kwa kuwa kati ya kupwa na kujaa hupita zaidi kidogo ya saa sita, maji yaliyotangulia yalikuwa yamejaa karibu saa 10:30 alfajiri, na yangejaa tena kama saa 10:50 jioni. Ushauri unaofuatwa kisiwani ni kutoendesha ufuoni katika saa mbili kabla ya maji kujaa na saa mbili baada yake, kwa hiyo muda wa kuendesha katika siku hiyo ulianza saa 12:30 asubuhi na kwisha saa 8:50 mchana. Jedwali lolote la maji lingeweza kutuambia hayo. Karatasi hii ilikwenda mbele zaidi, kwa kuwa ilihesabu kurudi nyuma kutoka saa 8:50. Kutoka rasi ya Indian Head hadi njia ya kutokea ufuoni kwenye kijiji cha Eurong ni kama kilomita 60, na dereva mgeni atasimama kwenye mabaki ya meli ya Maheno iliyosukumwa ufuoni na kimbunga mwaka 1935, na atasimama tena kwenye kijito cha Eli Creek; kwa hiyo saa ya kugeuza gari ikaandikwa kwa kalamu nyekundu, saa 7:00 mchana. Haijalishi msafiri amefika wapi au amebakiza kuona nini, saa hiyo ikifika anageuza.

Hapa ndipo kampuni hii inapozidi wenzake. Watu wengi hupanga safari ya ufuoni kwa kuuliza maji yanakupwa saa ngapi, kisha wanaondoka saa hiyohiyo wakiamini wamefanya hesabu nzuri, ilhali nusu ya muda salama imekwisha kupita na wanarudi maji yakiwafuata. Anayeondoka mapema, wakati maji bado yanashuka, anapata faida mbili. Kila saa inayopita mchanga unazidi kuwa mpana, na akinasa ana muda wa kujinasua kabla maji hayajageuka.

Mfanyakazi huyo alitueleza pia jambo ambalo wageni wengi hawalijui, nalo ni kwamba maji hayapandi kwa kasi moja. Kanuni ya mabaharia hugawa kimo cha kupanda katika sehemu kumi na mbili: saa ya kwanza maji hupanda sehemu moja, saa ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, na ya sita moja. Maana yake ni kwamba nusu ya kimo chote huingia katika saa mbili za katikati. Siku za bamvua, wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa upande wa mashariki wa kisiwa inaweza kukaribia mita 2, kwa hiyo katika kila moja ya saa hizo mbili bahari hupanda karibu nusu mita. Kwenye ufuo ambao kila mita 50 za kwenda mbele huinuka kwa mita moja tu, nusu mita ya maji inameza mita 25 za barabara ndani ya saa moja. Anayeona maji yako mbali akakaa kula chakula cha mchana anaweza kuinuka akakuta amebakiwa na ukanda wa mchanga laini wa juu, ule usioguswa na maji ya kila siku, ambao ndio unaonasa magari. Siku za maji mafu, kati ya bamvua moja na nyingine, mambo huwa mapole zaidi, lakini kuna jambo la kuangaliwa: maji yasipokupwa sana, mchanga mgumu uliolowa huwa mwembamba hata katika saa iliyo bora kuliko zote.

Karatasi ina safu ya mwisho ambayo ningependa kila kampuni iige. Kwa kila kipande cha ufuo imeandikwa njia ya kutokea iliyo karibu zaidi. Kutoka Hook Point kuelekea Dilli Village ipo barabara ya ndani inayoweza kutumiwa maji yakiwa yamejaa. Poyungan Rocks na Yidney Rocks, ambapo miamba hutokeza ufuoni, zina njia za kuzungukia kwa ndani, na karatasi inasisitiza kwamba njia hizo zitumiwe hata dereva anapoona kama anaweza kupenya kati ya mwamba na wimbi. Indian Head nayo ina njia ya kupanda na kuzunguka kuelekea Waddy Point na Orchid Beach, yenye mchanga uliochimbuliwa na magurudumu. Kuhusu Ngkala Rocks, kaskazini zaidi, mkataba unakataza kabisa, na naona wana haki.

Magari yenyewe yanatosha. Yana nafasi kubwa chini ya tumbo, yanavuta kwa magurudumu yote manne, na yana gia nzito za kupandia mchanga, mambo ambayo ni ya lazima kisiwani. Katika kila gari kuna koleo, vibao viwili vya kuweka chini ya magurudumu, kamba ya kuvutia, pampu ya upepo na kipimo cha upepo wa tairi. Kipimo nilikilinganisha na changu na vikasoma sawa. Mafunzo ya tairi yalikuwa mazuri: kabla ya kuingia mchangani unapunguza upepo hadi kama psi 18 au 20, ili tairi litandaze tumbo na kubeba uzito juu ya eneo kubwa zaidi, ukinasa unaweza kushuka kidogo tena, lakini kila unaposhuka hatari ya tairi kuchomoka kwenye rimu katika kona inaongezeka, kwa hiyo mwendo nao ushuke. Ukirudi kwenye lami, upepo unarudishwa kabla ya kukanyaga mafuta.

Walitumia muda wa kutosha pia kueleza vijito. Maji matamu hutiririka kutoka ndani ya kisiwa na kukata ufuo, na kijito kilichopitika asubuhi kinaweza mchana kuwa na ukingo wima wa kwenda juu kama goti au zaidi. Kwa mbali, jua likiwa usoni, ukingo huo hauonekani. Unachokiona ni mstari mwembamba mweusi kwenye mchanga, na mara nyingi hata huo huuoni mpaka umeukaribia. Anayeufikia kwa kilomita 80 kwa saa anaweza kuruka nao. Anayeukwepa kwa kukata usukani ghafla anaweza kupindua gari, hasa akiwa na tairi zilizopunguzwa upepo. Maelekezo yao ni kupunguza mwendo mapema, kusimama, kushuka na kutazama kwa miguu, na kuvukia mahali maji yanapotandaa bila kina. Ukivuka kwa kuzunguka upande wa baharini, fanya hivyo wakati mawimbi yako mbali, wala usiingize magurudumu katika maji ya chumvi. Kifungu cha mkataba kuhusu chumvi walikisoma neno kwa neno: bima haigusi uharibifu wa maji ya bahari, na gharama yote ni ya mteja. Kifungu cha namna hii ni cha kawaida katika mikataba ya kisiwani, lakini ni nadra kusomewa kabla ya kutia sahihi.

Sasa niseme kasoro, kwa sababu zipo na moja ni kubwa. Ukurasa wa nyuma wa karatasi, unaohusu pwani ya magharibi, ulikuwa na saa zilezile za pwani ya mashariki. Hilo haliwezi kuwa sahihi. Ufuo wa mashariki unatazama bahari kuu, na jedwali linaloufaa ni la Waddy Point. Pwani ya magharibi inatazama ghuba ya Hervey Bay, ambayo maji yake huingia kwa kuzunguka ncha ya kaskazini ya kisiwa, na jedwali lake ni la Urangan, kitongoji cha mji wa Hervey Bay. Saa hazilingani, na kimo hakikaribiani: Urangan tofauti ya kupwa na kujaa siku za bamvua kubwa inaweza kukaribia mita 4. Ni kweli kwamba pwani ya magharibi si ya kuendeshea, kwa matope yake yaliyofunikwa na mchanga mwembamba, na mkataba wenyewe hauruhusu. Hata hivyo mtu anayetaka kutembea kwa miguu kwenye ukingo wa magharibi akisubiri pantoni atatumia ukurasa huohuo, na kampuni iliyojitahidi hivyo upande mmoja haina sababu ya kuzembea upande wa pili. Nilipowaonyesha walikubali mara moja na kunipa nakala ya jedwali la Urangan.

Kasoro ya pili ni ya wakati. Karatasi huchapishwa siku mteja anapolipa, pengine wiki kadhaa kabla ya safari, na huwa na saa za makadirio tu. Makadirio ya maji hutokana na mwendo wa mwezi na jua, na huchukulia kwamba hali ya hewa ni ya kawaida. Kanieneo ya hewa ikishuka kwa hektopaskali moja, usawa wa bahari hupanda kwa takriban sentimita moja. Upepo mkali wa kutoka baharini ukiongezeka juu yake, pamoja na mawimbi marefu ya kimbunga kilicho mbali, maji yanaweza kufika chini ya matuta ya mchanga saa ambayo karatasi inasema ufuo uko wazi. Idara ya Mbuga na Wanyamapori ya Queensland hutoa taarifa za hali ya njia za kisiwa, zikieleza mahali palipomomonyoka na miamba iliyofichuka, nayo Ofisi ya Hali ya Hewa ya Australia hutoa utabiri wa mawimbi na upepo. Kampuni inayotoza bei hii inapaswa kuziambatanisha taarifa hizo asubuhi ya kukabidhi gari. Kibali cha gari cha mbuga walinisaidia kukipata, na hilo halikuwa na tatizo lolote.

Neno dogo kwa wanaotoka Sydney au Melbourne wakati wa kiangazi: Queensland haisogezi saa zake mbele, kwa hiyo saa ya mkononi ambayo haijarekebishwa itakuwa imetangulia saa nzima. Karatasi inalitaja hilo kwa herufi ndogo mno chini ya jedwali, na mahali pake ni juu kabisa.

Ningeikodi tena, na ningemshauri hivyo mtu ambaye hajawahi kuendesha mchangani, kwa kuwa kile anacholipia zaidi ya bei ya wengine ni saa ya kugeuza iliyohesabiwa na watu wanaolijua eneo. Anayekwenda Desemba, Januari au Februari, miezi ambayo katika pwani ile maji makubwa ya bamvua huja mchana kweupe, aombe karatasi yake ichapishwe upya asubuhi ya kuondoka, pamoja na taarifa ya mbuga ya siku hiyo. Ukiomba hawakatai, ila wao wenyewe hawakukumbushi.