Vichupo vimejaa mpaka majina hayasomeki: VS Code, Notepad++ na Vim

Habari zenu wadau, karibuni. Leo sina simu mpya wala laptop ya kufungua boksi. Nataka tuchambue kitu mnachokiangalia kutwa nzima bila kukiwazia: ule mstari wa vichupo (tabs) juu ya edita, yaani programu ya kuandikia kodi. Swali langu ni moja tu. Hivi vichupo vinakusaidia kulifikia faili unalolitaka, au vinakuonyesha tu ulikopita tangu asubuhi?

Tuanze na VS Code, maana ndiyo mnaitumia wengi. Hapa nimefungua mradi wa Django, ile zana ya kutengenezea tovuti kwa Python, wa kawaida kabisa. Soma huku juu: models.py, views.py, models.py, admin.py, views.py, models.py tena. Django ndivyo ilivyo, kila folda ina majina yale yale. VS Code inajitahidi, inaandika jina la folda pembeni kwa herufi zilizofifia, lakini kwa kufanya hivyo kichupo kinazidi kurefuka. Na skrini hii ni 1366 kwa 768, zile laptop za mtumba tunazozijua. Ukiacha na orodha ya folda hapa kushoto, vinaonekana vichupo sita, saba hivi. Vingine vyote vimejificha kulia, uvifuate na mausi.

Sasa angalia vidole vyangu. Ctrl+P, kinafunguka kisanduku cha kutafuta faili, naandika malmod, Enter. Hiyo hapo, models.py ya folda ya malipo. Sikuandika jina zima, sikugusa mausi, na wala haikujali kama faili lilikuwa limeshafunguliwa au la. Nikitaka kurudi nilikotoka, Ctrl+P halafu Enter bila kuandika chochote, kwa sababu faili ulilotoka kulitumia ndilo linalokaa la kwanza kwenye orodha. Ukizoea hivyo viwili, ule mstari wa juu unabaki kuwa pambo.

Na wala si wazo geni. VS Code ilipotoka mwaka 2015 haikuwa na vichupo kabisa! Ilikuwa na orodha tu ya faili unazozifanyia kazi, pale pembeni kushoto. Watu wakalalamika sana, na toleo la 1.3, la Juni 2016, likaja na vichupo. Ile njia ya zamani haijafutwa. Ingia kwenye mipangilio, tafuta workbench.editor.showTabs, weka none. Ukiona roho inauma, weka single, utabakiwa na jina la faili moja lililo mbele yako.

Kwa asiyetaka kuzima kuna njia ya katikati, na hii naipenda kuliko watu wanavyoifahamu: workbench.editor.limit.enabled. Unaiwasha, unaweka idadi, tuseme vitano. Ukifungua cha sita, inafunga yenyewe kile ambacho hujakigusa kwa muda mrefu zaidi. Faili lenye mabadiliko ambayo hujayahifadhi hailifungi, kwa hiyo usiogope. Na mkiona jina la kichupo limeandikwa kwa herufi za mlazo, ujue hicho ni cha kuchungulia tu. Ukibofya faili jingine kinabadilishwa. Bofya mara mbili kama unataka kibaki.

Notepad++ nitaipitia haraka. Ipo tangu 2003, nyepesi, na mashine yenye RAM ndogo inaibeba bila kulalamika. Tatizo ni sisi. Nikifungua Notepad++ ya mtu yeyote ofisini nakuta new 1, new 2, new 7, new 23. Humo kuna namba za risiti, nywila, barua ya kuomba likizo, kila kitu. Kwa vile programu inakumbuka maandishi hata ukiifunga bila kuhifadhi, watu wanaamini yamehifadhiwa. Hayajahifadhiwa! Yako kwenye folda ya nakala za dharura ndani ya wasifu wako wa Windows, na siku fundi akiipiga format hiyo mashine, yameondoka. Ukitaka nafuu, nenda menyu ya View, washa Document List, vichupo vyako vinajipanga wima na majina yanasomeka yote. Hata Notepad ya kawaida ya Windows 11 siku hizi ina vichupo, tangu 2023, na inakumbuka hivyo hivyo. Onyo ni lile lile.

Haya, Vim, edita inayoendeshwa kwa amri za kibodi. Hapa ndipo nilipotaka kufika, kwa sababu anayetoka VS Code anaingia Vim na jambo la kwanza anauliza vichupo viko wapi. Anaambiwa :tabnew, anafungua kila faili na kichupo chake, halafu anasema Vim ni ngumu. Ndani ya Vim kuna vitu vitatu tofauti. Bafa ni maandishi ya faili yakiwa kwenye kumbukumbu ya mashine. Dirisha ni mahali pa kuitazamia bafa. Kichupo ni mkusanyiko wa madirisha. Bafa moja inaweza kuonekana kwenye madirisha matatu kwa wakati mmoja, na ukifunga dirisha, bafa bado ipo.

Tazama. Naandika :ls. Imeleta orodha, kila faili na namba yake. Lenye alama ya asilimia ndilo nililomo, lenye alama ya reli (#) ndilo nililotoka, na lenye alama ya kujumlisha lina mabadiliko ambayo sijayahifadhi. Sasa :b, sehemu ya jina, kitufe cha Tab, Enter. Nimefika. Kurudi na kwenda kati ya faili mawili ni Ctrl+6, basi. Ikikugomea kwa kosa E37, yaani hujahifadhi mabadiliko, weka set hidden kwenye vimrc, faili la mipangilio ya Vim. Neovim, edita iliyotokana na Vim, siku hizi inakuja ikiwa imeshaiwasha.

Vichupo navitumia pia, ila kama meza: meza ya kwanza ina models.py na majaribio yake ubavuni, ya pili ina kurasa za HTML. Nahama kwa gt. Vim ilitoka 1991, vichupo vikaingia toleo la 7.0 mwaka 2006, kwa hiyo watu walipanga kazi zao miaka 15 bila vichupo.

Kwa kuchomekea tu: ukifungua Vim bila faili, mara nyingi utaona ujumbe wa kuwasaidia watoto wa Uganda. Aliyeitengeneza, Bram Moolenaar, aliyefariki Agosti 2023, alijitolea mwaka 1994 kwenye kituo cha watoto Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, akishughulikia maji na usafi. Andika :help uganda usome mwenyewe.

Nani abaki na vichupo? Aliyeingia kwenye mradi wa watu. Ctrl+P inakutaka ulijue jina, na wewe hata majina ya folda bado unayashangaa. Huyo atumie Ctrl+Shift+F kutafuta maneno ndani ya faili zote, na vichupo vyake aviache vikae mpaka azoee. Na kama unafundisha kwa projekta, viwashe, darasa lijue uko kwenye faili gani. Mimi hapa nimevizima, isipokuwa siku za kurekodi kama leo. Jaribu kwa wiki hivi. Usipoelewana nayo, rudi pale kwenye none, andika multiple, vichupo vyako vinarudi vyote.