Nilisomea mtihani wa NAB nikiwa Nyegezi: programu ya maswali ya dola 249, nyota tatu

Wandugu nimeulizwa hili swali mpaka nimechoka kuandika jibu lile lile kwa kila mtu, manesi wa hapa Mwanza, mmoja wa Musoma, wawili wa Bukoba, kwa hiyo naliweka hapa mara moja. Ile programu ya simu ya kujiandaa na mtihani wa leseni ya administreta wa nyumba za wazee Marekani inafaa au haifai? Jina silitaji maana ntasema na mabaya yake na sitaki kesi, wanaoijua wataijua, ni ile inayokupigia makofi ukipata maswali kumi mfululizo, hata iwe saa sita usiku na nyumba nzima imelala.

Mimi nafanya kazi Texas kwenye nyumba ya wazee, nilianza kwa kuogesha na kulisha, nikaingia unesi, baadae nikamaliza yale masaa ya mafunzo chini ya administreta mwenye leseni, wao wanaita AIT. Ilikuwa imebaki mtihani tu. Mwezi wa tisa mama akaanguka kwenye ngazi ya varanda kwetu Nyegezi, nyonga ikavunjika, akafanyiwa opareshini Bugando, na mimi nikapanda ndege kuja kumuuguza. Nikasema sawa, miezi mitatu ya kukaa na mama, nitasoma akiwa amelala. Nikalipa dola 249 za usajili wa miezi minne nikiwa bado uwanja wa ndege.

Kabla hujanunua chochote elewa kitu kimoja, maana naona watu wanaulizia kama vile ni kozi ya kompyuta. Hii programu haikupi leseni. Leseni inatolewa na bodi ya jimbo, kila jimbo na masharti yake ya elimu na masaa ya AIT, na bodi isipokukubali hata kiti cha mtihani hupati. Kama uko Mwanza na hujawahi kukanyaga kazi hii huko, hizo dola 249 kale nazo sato.

Mtihani wenyewe uko chini ya NAB, yaani muungano wa bodi za majimbo zinazotoa hizo leseni, na una vipande viwili. Kuna CORE, ule wa misingi, maswali 110, na kuna wa NHA ambao ni wa nyumba za wazee zenye unesi, maswali 60. Katika kila kimoja maswali 10 hayahesabiwi, wanayajaribisha tu, na hakuna atakayekwambia ni yapi. Kupita ni 113. Dada mmoja alinipigia anapiga kelele eti inakuwaje alama ya kupita ni 113 wakati CORE ina maswali 110, nikacheka mpaka mama akaamka. Ni skeli yao tu, sio idadi ya maswali wala asilimia.

Nianze na sifa, sehemu ya fedha ni nzuri jamani, nzuri sana. Mimi hesabu zilinishinda tangu sekondari lakini huyu bwana anayefundisha kwenye video (kizee fulani kina sauti ya usingizi) alinielewesha Medicare, ile bima ya afya ya serikali yao hasa kwa wazee, kuliko miaka yangu yote kazini. Kwamba ili Medicare imlipie nyumba ya wazee, mgonjwa lazima awe amelazwa hospitali siku tatu kwanza, na ile ya kuwekwa chini ya uangalizi bila kulazwa rasmi haihesabiwi hata kama amelala kitanda kile kile. Kwamba baada ya hapo ana hadi siku 100, siku 20 za mwanzo Medicare inalipa yote, kuanzia ya 21 anachangia kila siku, ya 101 ni juu yake. Nilikuwa naona familia zinalia ofisini siku ya 20 na sikuwa naelewa kwa nini ni siku hiyo hiyo kila mara. Sasa naelewa.

Ila humo humo kwenye fedha ndo nikakutana na uozo. Kama maswali kumi na kitu yanazungumzia RUG, mfumo wa zamani wa kupanga malipo ya nyumba za wazee ambao Medicare iliuacha ikaingia mfumo mpya wa PDPM tarehe 1 Oktoba 2019. Programu imeandikwa "toleo jipya" halafu inakufundisha kitu kilichozikwa. Mtu asiye na uzoefu atakariri na ataingia nacho kwenye mtihani.

Na kukariri ndo ugonjwa wake mkubwa. Kila kitu ni namba. Nesi msajiliwa lazima awepo masaa 8 mfululizo kila siku, siku 7 za wiki. Mpango wa awali wa huduma ndani ya masaa 48 tangu mzee aingie. Daktari amwone kila siku 30 kwa siku 90 za kwanza, baadae angalau kila siku 60. Chakula cha moto kisishuke chini ya 135, cha baridi kisizidi 41, na hizo ni Farenihaiti, kwa hiyo mimi mtoto wa Nyegezi inabidi kwanza niigeuze kichwani iwe 57 na 5 ndo nipate picha. Namba zote hizo ni za kweli na unazihitaji, ila mtihani hauji hivyo. Mtihani unakuja na kisa, mistari minne mitano, halafu unakuuliza administreta afanye nini KWANZA. Na majibu yote yanakuwa ya kweli! Yote ungeyafanya! Sasa lipi la kwanza.

Nikupe mfano, hili swali ndo lilinigombanisha nao. Mhudumu anamwambia nesi kwamba ameona mwenzake akimvuta mzee mkono kwa hasira, kuna alama. Administreta anafanya nini kwanza? Programu inasema: toa taarifa kwa mamlaka za jimbo. Nikasema hapana bana. Ni kweli taarifa ya unyanyasaji inatakiwa ndani ya masaa 2, hilo sibishi. Lakini mzee yuko chumbani na yule mtu bado yuko zamu! Kwanza unamwondoa huyo mfanyakazi kwa wazee, unahakikisha mzee yuko salama na ameangaliwa, ndo unashika simu. Masaa mawili ni mengi, dakika tano hazikunyimi kitu. Nikawaandikia imeili ndefu. Wakajibu baada ya siku tisa, asante kwa maoni, tutalifanyia kazi. Mpaka naondoka Desemba jibu lilikuwa lile lile na makofi yake.

Jioni moja nikawa namsomea mama kwa Kiswahili, alikuwa amechoka kukaa na mimi niko busy na simu. Nikamwambia sikia hili mama, mzee ana siku tatu hataki kuoga, wahudumu wanalalamika ananuka, binti yake amepiga simu anafoka, wewe ndo mkubwa wa hapo, unaanza na nini. Mama alikuwa anamenya viazi amekaa kwenye kiti chake cha plastiki na mguu ameunyoosha. Hakuinua hata macho. "Mmemuuliza kwao alikuwa anaoga saa ngapi?"

Nikaangalia jibu. Ndo hilo! Waliliandika kwa maneno marefu, kuchunguza mazoea na mapendeleo ya mkazi, chini yake namba ya kanuni, basi. Hakuna maelezo kwa nini. Mama akanieleza kwa nini bila kuulizwa, kwamba marehemu baba alikuwa anaoga usiku tu akitoka shamba, mtu akimpelekea maji asubuhi anaona anadharauliwa. Tangu siku hiyo kila jioni maswali kumi na mama. Fedha hajui hata moja na akasema wazi hataki kujua. Ya wazee alikuwa ananipiga.

Majirani nao walikuwa wanakuja kumsabahi, mwangaluka mwangaluka, wakiona makaratasi wanauliza nasomea nini. Kusimamia wazee, mtihani? Kama kule Bukumbi? Mmoja akaniuliza kwani wazee wanasimamiwa kwa kalamu. Nikawa najaribu kueleza, Bukumbi ni makazi ya serikali, kule Marekani nyingi ni biashara, kuna Medicare na Medicaid (ile ya serikali kwa wenye kipato kidogo) zinalipa, na wakaguzi wanaingia bila hodi, kwa kanuni haitakiwi ipite miezi 15 hawajaja, na makosa wanayapanga kwa herufi kuanzia A mpaka L kufuatana na kosa limeumiza kiasi gani na limewagusa wangapi. Ile jedwali ya herufi niliibandika kwenye friji ili niikariri. Mtoto wa kaka yangu wa darasa la sita akaishika kabla yangu, akaanza kukagua nyumba. Mpira wa gesi unavuja: J, hatari ya papo hapo. Ndoo ya maji bila mfuniko: D, haijaumiza mtu ila inaweza, na ikigusa kadhaa inakuwa E. Akafika kwenye ngazi ya varanda akasema hii ishamuumiza mtu mmoja, ni G. Mama akauliza, kwa hiyo G ni mimi?

Fundi alikuja kesho yake kuweka vyuma vya kushikilia. Kwa hilo tu nasema hela yangu imerudi kidogo.

Sasa kwa walioko huku kanda ya ziwa, mambo ya kiufundi. Programu haifanyi kazi bila intaneti. Yaani wanasema inafanya, unapakua maswali, kweli yanakaa kwenye simu, ila ukitoka ukarudi inakudai uingie upya na kuingia kunataka mtandao. Umeme ukikatika na bando limeisha unabaki unaangalia kioo. Video zinakula MB vibaya mno, nilikuwa napakuwa zote usiku kwa kifurushi cha usiku.

Kuna na darasa la moja kwa moja mara mbili kwa wiki, saa moja jioni ya Texas, maana yake huku ni saa tisa usiku. Nikazoea, naamka, najifunika kanga mbili nakaa dirishani, ziwani taa za wavuvi wa dagaa zimejaa, mwalimu anaongelea moto na mazoezi ya dharura ya moto kila zamu kila robo mwaka. Ikafika Novemba nikaamka kama kawaida, saa tisa hakuna mtu. Saa tisa na nusu hakuna mtu. Nikawatumia mesej za hasira tatu. Kumbe wenzetu wamerudisha saa nyuma Jumapili ile ya kwanza ya Novemba, darasa sasa ni saa kumi usiku! Nafanya kazi huko miaka yote hii na bado nikasahau, hilo kosa langu, ila programu inayouzwa dunia nzima ingeshindwa nini kuonyesha muda wa simu yako?

Kilichoniokoa ni karatasi. Wana kitabu cha muhtasari cha kurasa 280 cha kupakua, nikakipeleka steshenari moja ndogo huku Malimbe wanakochapia wanafunzi wa chuo, mia kwa ukurasa, ikaja 28,000 na kubaindi juu. Dogo wa pale akauliza dada hii ni tisis? Halafu akaniambia kitu ambacho mimi sikuona, kwamba kurasa 40 za mwisho ni zile zile za mwanzo zimerudiwa, nisichapishe. Akanipunguzia elfu nne kwenye hela yangu mwenyewe. Nyota tano kwa dogo.

Kwa hiyo mkinibana nunua usinunue: kama umeshafanya AIT na fedha ndo inakusumbua, nunua ya mwezi mmoja, angalia video zote za fedha, ruka kila swali lenye neno RUG, chapisha kitabu. Visa vya "kwanza" usiviamini mia kwa mia, soma kanuni yenyewe, serikali yao imeiweka wazi mtandaoni bure. Na zima malipo ya kujirudia siku ile ile unayolipa, mimi nilichelewa wakanikata mwezi wa tano ambao sikuuhitaji.

CORE nilifanya Januari nikapita, NHA nikafanya Machi nikapita. Katika CORE lilikuja swali la mzee anayekataa huduma, sio lile la kuoga, lingine kabisa, nikajikuta nacheka peke yangu kwenye chumba cha mtihani msimamizi akanikazia macho. Kitabu nimemwachia binamu. Jedwali bado liko kwenye friji, nilimwambia mama alitoe akasema liache kwanza, wiki hii bafu ni E.