Cycle to Work, mpango wa Uingereza wa baiskeli za kwenda kazini: nafuu ipo, ila soma mwisho wa mkataba

Mwajiri ananunua baiskeli na kukukodisha, kwa kawaida miezi 12, na malipo yanakatwa kwenye mshahara kabla ya kodi. Kwa baiskeli ya pauni 1,000, anayelipa kodi ya asilimia 20 na bima ya taifa asilimia 8 anaokoa pauni 280. Makato hayaruhusiwi kushusha mshahara chini ya kima cha chini, hivyo mwenye kipato kidogo, anayeihitaji zaidi, ndiye anayeachwa nje. Hilo ni doa kubwa.

Wengi hukwama miezi 12 ikiisha: baiskeli bado si yako. Ukiinunua hapo hapo, jedwali la mamlaka ya kodi linaithamini asilimia 25 ya bei, yaani pauni 250, na nafuu karibu yote inayeyuka. Omba kuongezewa muda wa kuitumia hadi miaka 4 itimie. Thamani hushuka hadi asilimia 7.

Angalau nusu ya matumizi yawe safari za kazini, hata kufika kituo cha treni tu. Daftari la kilomita halitakiwi, na kwenda nayo sokoni Jumamosi si kosa. Kofia, taa na kufuli vinaingia kwenye mpango. Kumchukulia mwanao baiskeli kwa jina lako, huo ni udanganyifu.