Waya wa Kovar wa kuzibia kioo: nzuri, ila chunga chumvi ya Malindi

Kwa kupitisha waya ndani ya kioo bila hewa kupenya, Kovar inastahili bei yake. Ni chuma chenye nikeli asilimia 29 na kobalti 17. Mita moja hurefuka takriban maikromita 5 kwa kila digrii ya joto, karibu sawa na kioo cha borosiliketi cha kuzibia. Pyrex, kioo cha vyombo vya jikoni na maabara, yenye 3.3, haiendani nayo. Kioo cha dirishani, chenye 9 hivi, hakiendani kabisa: hupasuka kikipoa.

Kabla ya kuziba, ondoa mafuta kwenye Kovar, kisha ichome hadi iwe kijivu. Ikiwa nyeusi yenye magamba umepitiliza. Magamba hubanduka na hewa ikapenya. Sehemu inayobaki nje ipakwe nikeli, maana upepo wa kusi wenye chumvi huiletea kutu upesi mno.