Uzoefu wangu: homam ya miaka 60 ya baba mkwe, Thirukkadaiyur

Mimi ni mtu wa Tanga niliyeolewa na Mtamil, tunaishi Chennai. Baba mkwe namwita Appa na mama mkwe namwita Amma, kama mume wangu anavyowaita. Agosti 2025 Appa alitimiza miaka 60. Miaka miwili kabla alikuwa amepasuliwa moyo, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kama homam ifanywe au isifanywe. Swali lilikuwa wapi, na kwa nani.

Homam ni ibada ya moto ya Wahindu. Hii ya umri mrefu, Ayushya homam, watu wengi huifanyia nyumbani, lakini Watamil wakisikia miaka 60 hutaja mji wa Thirukkadaiyur, kwenye hekalu la Amritaghateswarar. Inasimuliwa kwamba kijana Markandeya aliandikiwa kufa akiwa na miaka 16. Siku ilipofika alilikumbatia jiwe la mungu Shiva, Yama mwenye mauti akarusha kitanzi chake, kikamnasa kijana pamoja na jiwe. Shiva akatoka ndani ya jiwe akampiga Yama teke. Basi wazee huja hapo kutoka kila pembe ya Tamil Nadu.

Na kwa nini 60? Kalenda ya Kitamil ina majina 60 ya miaka. Appa alizaliwa mwaka 1965, mwaka uitwao Visuvavasu, na jina hilo halikurudi tena mpaka Aprili 2025. Mtu anakuwa amemaliza mzunguko, anaanza upya, na humvisha mkewe upya tali, mkufu wa ndoa.

Tulimpata wakala kwa simu. Bei rupia 38,000: makuhani wanne, mitungi 32 ya maji ya ibada, chumba chetu peke yetu, maua, na chakula cha watu 25. Tulitoka Chennai usiku, tukapita Puducherry na Chidambaram, tukafika kabla ya jua. Hapo ndipo nilipokasirika. Makuhani walikuwa wawili, mitungi 16, na ukumbi tuligawana na wanandoa wengine saba, kila familia na moto wake. Wakala akasema siku ile watu walikuwa wengi. Hakurudisha hata rupia moja. Kwa huduma yake simshauri mtu yeyote.

Ila makuhani wenyewe, nasema kwa moyo wote, walikuwa watu wa kazi yao. Mkubwa wao, gurukkal mwenye ndevu nyeupe, alimuuliza Appa afya yake kabla ya lolote. Daktari wa moyo alikuwa ametuambia asikae kwenye moshi na asiache kula, kwa sababu dawa zake za asubuhi hunywewa na chakula. Gurukkal akasema ale kwanza idli mbili, vile vitumbua vya mvuke, anywe dawa. Akamkalisha upande ambao upepo unatokea, karibu na mlango. Mwenye mgonjwa nyumbani asione haya kuomba hivyo.

Wanaanza na mungu Ganesha, kisha sayari tisa za Kihindu, ndipo wanafika kwenye umri mrefu. Kabla ya moto kuwaka hutajwa jina la mwenye ibada, ukoo wake na nyota aliyozaliwa nayo, ili ombi lisipotee njia. Shimo la moto ni matofali yaliyopangwa mraba. Ndani yake hutiwa vijiti vya mti wa arasu, samli, ufuta, wali, na nyasi za arugampul, ambazo ukizikata huchipua tena. Kila kinapotupwa kitu husemwa "svaha", na baada yake maneno yenye maana ya "hiki si changu". Mimi nimekulia kwenye dua na ubani, na bado maneno hayo yalinishika. Unamwombea mzee wako aishi, huku mkono unajifunza kuachia.

Walipofika kwenye mantra ya Mrityunjaya, ambayo ni aya ya Rigveda, nilimwomba mume wangu amuulize gurukkal maana yake. Akatueleza polepole huku mwenzake akiendelea kusoma. Aya inaomba mtu aachane na mauti kama tango linavyoachana na mmea wake. Tango lililoiva halivutwi, linaachia lenyewe. Appa alisikia. Tangu apasuliwe alikuwa mtu wa kunyamaza, anakagua mapigo ya moyo wake kila saa. Aliyafumba macho akakaa hivyo mpaka aya ikaisha.

Mwisho moto hupewa nazi iliyofungwa kwenye kitambaa cha hariri. Halafu maji ya ile mitungi, yaliyosomewa muda wote ule, humwagiwa wazee vichwani kupitia chekeche, na wanaomwaga ni watoto. Zamu yangu ilipofika mikono ilinitetemeka. Amma alikuwa amelowa, analia na kucheka, na Appa alimfunga tali shingoni kwa vidole visivyo na haraka. Hapo mitungi iwe 16 au 32, sikuikumbuka.

Chakula kilikuwa kizuri: wali, sambar, rasam, vada na payasam juu ya jani la mgomba. Watu 25 walikula wakatosheka.

Sitasema homam imemponya. Dawa anaendelea nazo, na kliniki hakosi. Ninachokiona ni kwamba anatembea tena jioni na Amma, na kile kifaa cha mapigo kinalala kabatini.

Ukitaka kwenda, usipitie wakala. Nenda siku moja kabla, zungumza na gurukkal mwenyewe, mwandikiane idadi ya makuhani na mitungi, na uombe saa ya alfajiri kabla watu hawajajaa. Miaka 70 nayo ina ibada yake. Namba ya yule mzee mwenye ndevu nyeupe tunayo.