TAHADHARI: Muuza mchele wa Kyela anayewafuata wanafunzi wa Mbeya, ametupiga 920,000

Jamani, someni mpaka mwisho na mtume kwenye magrupu yote ya vyuo mliyomo. Tumepigwa. Hela iliyotoka ni 920,000, na kilichorudi ni mchele wa kulishia kuku. Siku nne nimekaa kimya kwa aibu, maana mimi ndiye niliyesimama kwenye kikao nikasema mpunga naujua, nimekulia shambani. Leo nasema kwa sababu jana jioni nimesikia kuna wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wanachangishana waende kwa mtu huyo huyo.

Tulikuwa tunatafuta faida ya kulipia safari yetu ya Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Baada ya wenzetu wawili kujitoa tulibaki sita, kila mmoja akaweka 160,000. Wengine walikata kwenye bumu, hela ya mkopo wa wanafunzi, mmoja alitoa hela aliyopata kwa kusuka nywele muhula mzima, na yule wa tuisheni za kidato cha nne alitoa mpaka nauli ya kurudi kwao likizo. Hesabu ilikuwa nyepesi: kilo kule 2,300, hapa mjini tuuze 3,000, magunia manne ya kilo mia, faida 280,000 kabla ya usafiri. Na mtaji unarudi, tunaenda tena.

Mtakaosema tulimwamini mtu wa njiani, hapana. Yule baba tulikuwa tunanunua kwake tangu mwezi wa tano. Alikuwa anakuja na pikipiki na viroba vya kilo tano, anauza karibu na mageto yetu, na mchele wake ulikuwa wa Kyela kweli, ukipika chumba cha tatu wanauliza nani anapika. Siku moja nilimzidishia 2,000 bila kujua, akanifuata mpaka getini kunirudishia. Mtu anayerudisha elfu mbili, wewe ungemfikiriaje? Akawa ananiita binti yangu, na mimi namwamkia shikamoo baba kama mzazi. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Nyie wanafunzi mnahangaika na likizo, njooni ghalani mchukue kwa bei ya shamba."

Tulienda wawili, Jumamosi, alfajiri kutoka stendi ya Nane Nane. Mbeya baridi ya mwezi wa saba, nimevaa majaketi mawili. Kufika Kyela nimeyabeba mkononi, jasho linanitoka. Akatupokea stendi kwa Kinyakyusa, "Ndaga, ndaga," akatupandisha bodaboda mbili na kuzilipia yeye, tukatoka kwenye lami tukashika njia ya kwenda Ipinda mpaka ghalani kwake. Ghala lenyewe ni chumba cha tofali za kuchoma, mlango wa bati, ndani magunia yamepangwa mpaka juu.

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu watu wananiambia "hukukagua". Nilikagua! Alinipa bambo, kile chuma cha kuchoma gunia na kutoa sampuli, mkononi mwangu. Nikachoma gunia la kwanza juu, nikachoma katikati, nikachoma chini karibu na sakafu. Mchele ukateremka kwenye kiganja, mweupe, mrefu, mkavu, chenga za kuhesabu. Nikatafuna punje, ikalia kama inavyotakiwa. Nikanusa. Nikaenda la pili, la tatu, la nne, yote hivyo hivyo. Mwenzangu akapiga picha. Magunia yakapimwa mbele yetu, kila moja mshale ukagonga mia. Vijana wake wawili wakaanza kushona midomo kwa sindano ndefu, uzi wa bluu. Uzi wa bluu, nimeuona kwa macho yangu, na kwenye picha upo.

Nikatuma hela palepale. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza, akasema ni la mama watoto, laini yake yeye ina tatizo la usajili. Nikabonyeza namba ya siri.

Hela ilipoingia ndipo akasema, "Wanangu hamuwezi kuondoka Kyela na njaa." Nyumba ipo hatua kama mia mbili kutoka ghalani, imezibwa na migomba, ghala halionekani. Mkewe alikuwa ameshapika. Ubwabwa unanukia, na mbasa wa kuchoma wa Ziwa Nyasa, na pilipili pembeni. Tukanawa, akaomba dua ndefu, akatutaja na masomo yetu. Tulikula kama saa nzima, maana kila tukitaka kuinuka anaongeza samaki. Nikikumbuka ile sahani napata kichefuchefu. Mchele aliotulisha ndio ule tuliounusa. Wakati tunakula, vijana wake walikuwa ghalani wanabadilisha mzigo.

Tuliporudi, magunia yalikuwa yameshapakiwa kwenye kirikuu, yamefunikwa turubai. Kirikuu kikatangulia stendi, yakawekwa kwenye buti ya Kosta, tukapanda. Njia nzima kupita Tukuyu na Kiwira tulikuwa tunapanga nani atalala chumba gani Matema.

Kushusha Nane Nane, taa za stendi, nikaona uzi ni mweupe. Niliuona. Nikajiambia labda wa bluu uliwaishia. Hilo neno "labda" linaniuma kuliko hela.

Jumatatu mama mmoja jirani akachukua kilo kumi. Jioni akarudi na sufuria. Hakutukana, alifunua tu mfuniko akasema, "Mwanangu, nimepika wali nimepata uji, na angalia hawa." Fukusi, weusi, wanaelea. Tukamwaga gunia jingine zima kwenye turubai: juu mchele mzuri kidogo, chini yake mchele wa kijivu, wa zamani, unanuka vumbi, chenga tupu na mawe. Tukaomba mizani dukani. Kilo 86. La pili 84.

Simu yake imezimwa tangu Jumanne. Mwenzangu alirudi Kyela Jumatano, mlango wa bati una kufuli, jirani anasema hicho chumba hukodishwa kwa wiki. Yule "mama watoto" hajulikani pale.

Mtu huyu afungwe. Sitaki kusikia mambo ya msamehe ana familia. Yule mwenzetu wa tuisheni kashindwa kwenda kwao likizo hii, yupo geto peke yake, anakula ugali kwa kukopa. Rafiki yetu anayesoma sheria ametuambia Kanuni ya Adhabu inakitaja wazi kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu, kifungo mpaka miaka 7. Apewe yote saba. Na wale vijana wa sindano nao, na mkewe aliyetumia sauti ya upole akatupakulia mbasa huku anajua. Mtu anaomba dua kwa jina la Mungu wakati mzigo wa watoto wa watu unabadilishwa! Polisi tumeshafungua jalada na RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yetu, tunayo. Namba yake tumeiripoti 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na nyie mlio na namba yake fanyeni hivyo.

Mnaotaka kujua mtamtambuaje: anakuja na pikipiki nyekundu, koti la kahawia, anapenda kusema "bei ya shamba". Anaanza kwa kuuza kidogo kidogo kwa uaminifu, miezi miwili hivi. Mizani yake haikuwa na stika ya Wakala wa Vipimo, hilo nimelikumbuka baadaye nikiangalia picha. Risiti ni ya kuandika kwa mkono, haina muhuri. Jina la kwenye simu si lake. Na atawalisha. Mkilipa, mmoja wenu akae juu ya magunia mpaka gari iondoke, hata kama anakufa njaa, na muweke alama yenu ndani ya gunia kabla halijashonwa.

Magunia mawili tumewauzia wafuga kuku wa Uyole kwa 600 kilo, hela tumempa yule wa tuisheni yote. Moja ndilo lile tulilomwaga. La nne hatujalifungua, lipo geto kwangu na uzi wake mweupe, ni kielelezo cha polisi. Kama na wewe alikuuzia, hata kilo hamsini, njoo na picha zako Alhamisi saa nne asubuhi, tunaenda kituoni pamoja kuandikisha maelezo.